Mwalimu Aliyewashuku Waasisi

Ukimpelekea Mwalimu habari yoyote, hata ya kwamba nyanya zimeshuka bei, kitu cha kwanza alichouliza ni nani kakwambia. Ukimtaja aliyekwambia, aliuliza huyo naye kaambiwa na nani. Mkifika mwisho wa msururu wa watu alikuna kidevu, akatazama pembeni, akasema, "Na huyo anauza nyanya?"

Hakuwa akitania. Katika miaka yote niliyomfahamu Doha sikumwona akipokea habari kwa mikono miwili kama watu wengine. Aliipokea kama mama mzoefu anavyopokea samaki sokoni, anafunua matamvua kwanza.

Mimi nilikuwa mapokezi hotelini. Nilitoka Morogoro na kidato cha sita changu na hamu ya kusoma iliyokatizwa, nikaangukia kazi ya kusimama nyuma ya kaunta na kutabasamu. Mwalimu alikuwa akifundisha Kiingereza na historia katika shule moja ya binafsi. Ijumaa alasiri alikuwa na darasa lake mwenyewe mtaa wa Najma, katika chumba cha juu ya mkahawa wa Wahindi wa Malabari, kwa sisi wasema Kiswahili tuliotaka kusoma kitu ambacho hakina uhusiano na kazi zetu. Tulikuwa madereva, walinzi, wauguzi, wahudumu wa hoteli, Mkenya mmoja wa kompyuta. Harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa chini ilipanda na ngazi, na chai ya maziwa ililetwa katika vikombe vya karatasi.

Alikuwa mfupi, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata mwezi wa Agosti, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi usogee. Nadhani alipenda watu wasogee. Hivyo aliweza kuwaangalia usoni.

Lakini mtu huyu aliyeshuku kila neno hakushuku mikono ya watu hata kidogo. Funguo za chumba chake walikuwa nazo watu chungu nzima. Vitabu aliazimisha bila kuuliza vitarudi lini, na chakula alikula cha yeyote aliyemletea. Siku moja mlinzi mmoja wa darasani alimwambia, "Mwalimu, utaibiwa."

"Mwizi akichukua sufuria, nitajua nimepoteza nini," alijibu. "Watu siwaogopi. Naogopa hadithi zao."

Na gazeti alilinunua kila siku, akalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, huku akinung'unika kwamba hamna la kweli humo. Nilipomuuliza kwa nini basi analinunua, alisema anataka kujua leo wanataka aamini nini.

Mtu wa namna hiyo na yeye hushukiwa, na Mwalimu alishukiwa sana. Hatukujua kwao. Akikaa na Wazanzibari alizungumza kama aliyekulia Mji Mkongwe. Akikaa na Wakenya, Kiswahili chake kiligeuka, ungesema ni mtu wa Nakuru. Msikitini hakuna aliyemwona, na Wakenya waliokuwa wakisali kule kwenye makanisa walisema na kwao pia hajafika. Kuna aliyesema alikuwa seminari akatoka. Kuna aliyesema ni masikio ya ubalozi. Dereva mmoja alipanda kumrudishia sufuria, akakuta mezani kitabu kinene chenye herufi asizozijua, akashuka na habari kwamba Mwalimu anasoma maandishi ya siri. Kumbe kilikuwa Kigiriki cha kale. Alipoulizwa Kigiriki alijifunza wapi, alijibu, "Palipokuwa na mwalimu wa Kigiriki." Tukabaki na hilo.

Kigiriki hicho ndicho kilichokuwa darasa letu. Alitusimulia tenzi ndefu za Wagiriki wa kale, za vita na za safari za baharini, na aliposimulia aliacha vita, akaacha mapenzi, akasimama kwenye vitu ambavyo mimi ningevipita. Alisimama kila mahali ilipotajwa asili ya mji.

"Angalieni," alisema. "Huyu kamtafuta dada yake, kamkosa, kaenda kwa mungu wao kuuliza afanye nini. Kaambiwa amfuate ng'ombe, na pale ng'ombe atakapolala ajenge mji. Yule mwingine yumo merikebuni, kapotea, kafika pwani ya watu. Mwenyeji anatokea, anamkabidhi bonge la udongo wa nchi ile kwa mkono wake. Bonge linaanguka baharini, linakuwa kisiwa. Vizazi vikipita, wajukuu wanarudi pwani ile ile na merikebu zao, wanasema nchi hii ni yetu, tulishapewa udongo wake. Nani alikuwa shahidi?"

"Wajukuu wa waliopewa," akajijibu. "Aliyetoa udongo hajaulizwa mpaka leo."

Yule Mkenya wa kompyuta alicheka, akasema kumbe hata The Pearl ni bonge la udongo lililotupwa baharini. Miaka hiyo kile kisiwa cha kutengenezwa kilikuwa bado kinajengwa, vumbi tupu.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hilo waliolimwaga nawaona kila siku, wanakunywa chai hapa chini. Njoo uniulize baada ya miaka mia, wakati hakuna atakayewakumbuka."

Lakini kilichomvutia kuliko vyote kilikuwa dokezo. Alitueleza kwamba washairi wale mara nyingi hawakusimulia kisa cha mji mzima. Merikebu inapita kwenye rasi, na mshairi anasema tu kwamba rasi ile inaitwa hivi kwa sababu ya kitu fulani kilichoachwa pale. Basi, anaendelea na safari. Wasikilizaji wengine wanaendelea naye. Ila yumo mmoja ambaye kwao ni pale, na yule anakaa sawa kwenye kiti chake.

"Mshairi kamgusa bega," alisema. "Asiyehusika hata mkono hakuuona."

Nilipenda somo hilo. Sikujua kwamba lina meno.

Tulikuwa na chama chetu Doha, cha kuzikana na kusaidiana, na chama hicho kilikuwa na hadithi yake ya kuzaliwa. Mwenyekiti alitusimulia kila mwaka kwenye sherehe. Alikuwa mtu wa Tanga, msimamizi wa walinzi, mkubwa wa mwili na mpole, na kwa haki yake niseme kwamba kazi ya chama aliiweza. Alijua mlango gani wa mochwari unafunguliwa saa ngapi, karani gani anataka muhuri upi, kafili gani, yaani mwajiri mdhamini, anahitaji kubembelezwa. Watu wetu wengi walirudishwa makwao kwa juhudi zake.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, kabla wengi wetu hatujafika, dereva mmoja wa Lindi alifariki ghafla hospitalini, hana ndugu, hana wa kumfuatilia. Mwenyekiti alipata habari, akawakusanya watu chumbani kwake mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

"Usiku ule mie sikulala," alikuwa akisema. "Mlango wangu niliuacha wazi, kila mwenye kupita aingie. Tukakaa juu ya zulia langu, tukaahidiana kwamba hakuna mtu wetu atakayekaa peke yake kwenye friji la watu. Hapo ndipo chama kilipozaliwa."

Wanawake walifuta machozi. Mimi pia nilifuta.

Baada ya sherehe moja nilishuka ngazi na Mwalimu. Nikamwambia kisa kile kimenigusa.

"Mwaka wa kwanza niliomsikia, mlango haukuwemo," alisema. "Mwaka uliofuata ulikuwa wazi. Mwaka jana ulikuwa wazi mpaka alfajiri. Mlango gani huu unaozidi kufunguka?"

"Mtu anakumbuka mambo kidogo kidogo, Mwalimu."

"Anakumbuka, ndiyo. Au kuna mtu ambaye yeye anamjibu."

Nilimwona mkorofi. Mzee kama yule, aliyewatendea watu mema, unamchunguza mlango wa nini?

Mwaka uliofuata kamati ilikuja na pendekezo: Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwasisi, awe mwenyekiti wa maisha. Lingesomwa kwenye sherehe na kupitishwa kwa makofi. Na kwa kuwa siku ingekuwa kubwa, wakamwomba Mwalimu atunge utenzi wa kuzaliwa kwa chama. Nilishangaa alivyokubali upesi.

Sherehe ilifanyika ukumbi wa juu wa mkahawa mmoja, Ijumaa baada ya alasiri. Meza ya mbele walikaa kamati. Nyuma, karibu na sufuria za pilau, walikaa wageni waalikwa, na miongoni mwao Nesi. Huyu alikuwa mama wa Kikenya, mtu wa Kakamega, aliyefanya kazi ya uuguzi Doha tangu zamani. Mimi nilimjua kwa chapati zake na kwa ukimya wake. Chama kilipoandikiwa katiba kiliandikwa kuwa cha Watanzania, kwa hiyo Wakenya walialikwa mara moja kwa mwaka, wakashukuriwa kwa chakula, wakapigiwa makofi.

Mwalimu alisimama, akafungua karatasi, akaanza kwa ile sauti yake ya chini. Watu wakasogeza viti. Hakutaja Doha wala dereva wa Lindi. Alisimulia mabaharia wa kale wanaotafuta pwani ya kumzika mwenzao, wanabisha nyumba kwa nyumba. Ulikuwa utenzi mzuri, mtu angeweza kuuimba. Katikati akafika kwenye ubeti huu:

Hodi mgeni kabisha,
ndani taa wakashusha,
kimya wakakidumisha,
mlango usifunguke.

Akaendelea. Mabaharia wakaenda nyumba ya pili. Hakuinua hata macho kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nikimwangalia yeye, kwa hiyo sikuona Mwenyekiti aliposimama, nilisikia kiti.

"Sikusikia hodi," Mwenyekiti alisema.

Mwalimu akaacha kusoma.

"Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma," Mwenyekiti akaendelea. Hakuwa akimwambia mtu mmoja, macho yake yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyetu. "Mchana ule mie nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala. Mtu aliyelala atasikiaje hodi?"

Ukumbi mzima haukuelewa. Miaka yote tuliambiwa usiku, na sasa ni mchana. Na hodi ya nani? Hakuna aliyemshtaki kitu. Mjumbe mmoja alimvuta kanzu akae, hakukaa.

Ndipo Nesi akaongea kule nyuma, akiwa amekaa vile vile, kijiko cha pilau mkononi.

"Ulisikia," alisema. "Si uliniuliza ni nani? Nikakwambia ni mimi nesi, kuna mtu wenu amekufa kwa wodi yangu na hana mtu. Ukasema ngoja. Nikangoja hapo kwa jua."

Mwenyekiti alimgeukia. Kisha alisema kitu ambacho sitakisahau, kwa sababu hakikuwa cha kujitetea. Alisema, "Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nifike. Niliogopa wataniambia nimehusika."

Akachukua kofia yake mezani, akatoka.

Yaliyobaki tuliyapata kwa Nesi, kipande kwa kipande, wiki zilizofuata. Alikuwa ametoka kwenye mlango ule akaenda kuuliza dukani ni wapi pengine wanaishi watu wanaozungumza Kiswahili. Mkutano wa kwanza ulikuwa chumbani kwake Najma, wala zulia halikuwepo. Mwenyekiti alikuja siku ya tatu au ya nne, akiwa ameshapata ujasiri, na tangu hapo alifanya kazi kuliko wote. Kwa nini Nesi hakusema miaka yote hiyo? "Kazi ilikuwa inafanyika," alisema. "Ningesema ndio nipate nini?"

Pendekezo la mwenyekiti wa maisha halikusomwa. Katiba ilibadilishwa, Wakenya na Waganda wakaingia. Watu walimsifu Mwalimu kwa kufichua ukweli. Mimi sikumsifu. Mwenyekiti alijifungia, simu hakupokea, na kijana mmoja wa Iringa alipoanguka kazini akafa, kamati mpya ilizunguka na makaratasi yake kutoka ofisi hadi ofisi, mama yake akipiga simu kila asubuhi kuuliza mwanawe anakuja lini. Mwenyekiti angelimaliza jambo lile mapema sana. Sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Nilimfuata Mwalimu chumbani kwake.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Sikujua."

"Nesi hakukwambia?"

"Sijawahi kuzungumza na Nesi zaidi ya salamu."

"Basi ulimfanyia vile mtu mzima mbele za watu kwa kukisia?"

"Sikumfanyia kitu. Nilisoma ubeti wa mabaharia." Akatazama chini. "Nilitaka kuona kama kuna atakayekaa sawa kwenye kiti. Sikutegemea asimame."

Nilimwambia kwamba kuna mtu yuko mochwari sasa hivi kwa sababu ya ubeti wake. Niliacha darasa. Baadaye nilisikia kwamba siku iliyofuata alikwenda Fereej Bin Mahmoud nyumbani kwa Mwenyekiti, na kwamba alikaa huko mpaka magharibi. Walichozungumza hakuna ajuaye. Lakini wiki ile ile Mwenyekiti alionekana kwenye mlango wa mochwari na karatasi mkononi, na kijana wa Iringa akasafirishwa. Nilimshuku Mwalimu kwamba alikwenda kwa ajili ya dhamiri yake, si kwa ajili ya kijana. Siku hizi sijui kama tofauti ni kubwa.

Miaka ilipita. Nilihamia hoteli nyingine, huko huko The Pearl, ambako sasa kuna miti na boti nyeupe, na wageni huniuliza zamani palikuwaje. Chama nacho kilipata hadithi mpya. Nilimsikia msichana mgeni kabisa akisimuliwa kwamba Nesi alibisha kila mlango wa Doha, yote ikafungwa, na kwamba Mwalimu alioteshwa ukweli. Nilicheka peke yangu kwenye lifti nikifikiria atasema nini akisikia.

Alisikia. Shule ilipoacha kumwongezea kibali kwa sababu ya umri, nilikwenda kumuaga asubuhi ya Ijumaa. Vitabu vilikuwa vimeshagawiwa. Nesi alikuwepo, anafunga vyombo kwenye gazeti, maana wawili wale walikuja kuwa marafiki, wakinywa chai pamoja na kubishana, na kama kulikuwa na zaidi ya hapo hawakumwambia mtu. Mwalimu alikuwa amekonda. Shati limefungwa mpaka shingoni.

"Wanasema nilioteshwa," alinilalamikia kabla hata sijakaa. "Mimi. Na huyu eti alibisha milango yote."

"Nilibisha mmoja," Nesi alisema.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza miaka yote hii. Kwa nini ule? Mji mzima, ukaenda moja kwa moja kwa mtu mwenye wiki mbili. Mimi sijawahi kuliamini hilo."

Nesi aliweka chini sahani aliyoishika.

"Nilisikia redio ya Kiswahili kwa dirisha lake nikipita kwenda nyumbani," alisema. "Ndio hiyo tu. Nilikuwa nimechoka, miguu imefura, nilitaka kumpata mtu yeyote nimwachie hiyo shida. Angefungua, ningempatia karatasi za marehemu nikaenda zangu nikalala. Singewaita watu. Hakukuwa na chama kichwani mwangu. Ni vile tu hakufungua, na sikuwa na pa kuiweka."

Chini barabarani gari lilipiga honi kidogo. Mwalimu alimwangalia Nesi usoni, kama alivyokuwa akituangalia sisi, akitafuta. Halafu akaitikia kwa kichwa.

"Hilo naliamini," alisema.

Tulishusha mabegi. Gari lilikuwa la Mwenyekiti. Alikuwa ameshakuwa mzee, mvi mpaka ndevuni, na bado ndiye aliyewapeleka watu uwanja wa ndege, wazima na waliokufa. Alichukua begi kubwa kutoka mkononi mwangu, akaliweka nyuma, akamfungulia Mwalimu mlango wa mbele. Nesi aliegemea dirisha, akamwambia Mwalimu asisahau dawa ya presha.

"Tutapita Corniche," Mwenyekiti alisema akiwasha gari.

"Kwa nini huko?" Mwalimu akauliza. "Kuna njia fupi."

"Uione bahari."

Mwalimu alimgeukia, akamtazama Mwenyekiti kutoka upande mmoja wa uso mpaka mwingine. Kisha akavuta mkanda, akaufunga, na gari likaondoka.